Majambazi wa Dirishani

Marehemu mume wangu alikuwa na ugomvi na nzi. Alikaa kwenye kiti chake cha mikono kando ya dirisha la mbele, gazeti limekunjwa mkononi, na nzi aliyeingia chumba kile hakutoka kwenda kusimulia. Alipofariki, dada yake, yaani wifi yangu, alikifuta kile kiti kwa kitambaa chenye dawa, akakirudisha palepale dirishani, na tangu siku hiyo hakuna aliyekikalia. Mgeni akikiinamia tu, wifi anasema, "Hapo pana mtu," na mgeni anaruka kama amekalia sindano.

Sindano zenyewe zipo, maana mimi ni fundi cherehani na nashonea humohumo chumba cha mbele, sare za shule. Wifi yeye alikuwa mhudumu wa wodi hospitalini mpaka alipostaafu, ila hospitali haijamtoka. Anadeki nyumba kama daktari mkuu yuko mlangoni. Ukiweka kikombe mezani ukageuka kupiga chafya, ukirudi kimeshaoshwa na kufunikwa. Hakuolewa. Alikuja kumuuguza kaka yake, kaka akaondoka, yeye akabaki, na mimi sikuwahi kumuuliza anabaki mpaka lini. Nani anauliza ukuta?

Aliyeuliza ni binti yangu. Binti anafanya kazi mbali, kwenye bustani kubwa ya watu wanaochunguza mimea. Siku hiyo alinipigia nikiwa nashona, nikaweka simu spika kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye kola.

"Mama," akasema, "nikija likizo tuipange hiyo nyumba. Chumba cha shangazi tukipangishe, wewe upumzike na hizo sare. Shangazi aende kwa baba mdogo."

Kola ikishaingia chini ya sindano huwezi kuisimamisha katikati, itapinda. Nikaendelea kukanyaga mpaka mwisho, ndipo nikasema, "Hilo tutaongea." Lakini kwenye korido ndoo ya kudekia ilikuwa imeshanyamaza.

Huyo baba mdogo ni shemeji yangu, mdogo wao wa mwisho. Kwake watoto wamejaa mpaka pikipiki inalala sebuleni. Nafasi iliyobaki ni jikoni, kati ya jiko na mlango wa nyuma. Wifi hakusema neno juu ya simu ile, wala mimi sikujua nianzie wapi. Ila tangu hapo, kitu chochote kikisogezwa ndani ya nyumba, hata stuli, alikitazama kana kwamba anayefuata kusogezwa ni yeye.

Katikati ya hali hiyo ndipo mbegu zikaja.

Kisa chake ni vijidudu. Matunda yakiiva ndani ya nyumba vinakuja vile vijinzi vidogo vya ndizi, na vikitoka kwenye ndizi vinatua kwenye mashati meupe ya watu. Nilimlalamikia binti yangu. Mtu mwingine angeniletea dawa ya kupuliza. Yeye akampa msafiri aniletee bahasha ya mbegu, na mfuko wa udongo mwepesi wa kahawia, mkavu kama tumbaku. Akanieleza kwa simu kwamba huo ni mmea unaokula wadudu. Majani yake yana vinywele, kila kinywele kina tone la gundi kichwani, mdudu akitua hatoki, na jani linamkunjia taratibu mpaka limle.

"Linamla mbichi?" wifi akauliza kutoka korido.

"Mbichi, shangazi."

"Na tumemkaribisha."

Nikaifungua bahasha juu ya meza ya kukatia, tukainamia wote wawili.

"Mbegu ziko wapi?" akasema wifi.

"Hizo hapo."

"Wapi?"

"Usipumue, wifi. Hapo kwenye kona ya karatasi."

Akatazama sana. "Huu ni ugoro," akasema. "Mwanao kauziwa ugoro."

Kweli zilikuwa kama ugoro, tena uliosagwa na mtu mwenye hasira. Binti alikuwa amenipa masharti mengi kuliko mganga. Nichanganye ule udongo na mchanga uliooshwa mpaka maji yawe meupe. Nisizifukie mbegu, nizinyunyize juu tu, maana zinataka mwanga hata kabla hazijaota. Nisiweke samadi, nisiweke mbolea, nisiweke hata majivu. Na nisithubutu kuwapa maji ya bomba wala ya kisima, ni maji ya mvua tu, au yale ya kuweka kwenye betri za magari, kwa sababu chumvi ya maji ya kawaida inawaunguza. Maji yenyewe nisiwamwagie kichwani, chungu kikae kwenye sinia lenye maji, wanywe kwa chini.

Nilimuuliza kwa nini mmea usitake samadi. Akasema kwao wanakozaliwa ardhi haina kitu, ndiyo maana wakajifunza kuwinda. Jambo hilo nililifikiria muda mrefu nikiwa natia vifungo. Mungu amemnyima kiumbe ardhi, akampa gundi. Nikamshukuru kwa niaba yao, maana hawakuonekana watu wa kushukuru wenyewe.

Shida ilikuja kwenye mwanga. Nyumba yetu ina dirisha moja tu linalopata jua la kueleweka, nanyi mnajua ni lipi.

"Wifi," nikasema, "tukisogeze kiti kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Upana wa sinia."

"Leo sinia," akasema. "Kesho sanduku langu."

Nikakisogeza. Sikuvuta, nilikiinua, ili kisilie. Wifi akasimama nyuma yake, akaweka mkono juu ya mgongo wa kiti pale alipokuwa akilaza kichwa kaka yake.

"Mungu anisikie, na kaka yangu anisikie," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya sabuni. "Siku hao majambazi wakiota, mimi natoka humu ndani, naenda kwa mdogo wangu. Nyumba hii haitutoshi wote."

Nikajua amefanya hesabu. Kwa macho yake ule ulikuwa ugoro, na ugoro hauoti. Alitaka mbegu zife, kiti kirudi, na mimi nijue kwamba yeye hang'oki. Lakini sisi wote wawili ni watu wa sala. Neno likishatajwa mbele ya Mungu humu ndani halirudishwi kwa kusema nilikuwa natania. Mimi nikabaki na chungu mkononi, na sikujua tena nikiombee nini.

Ili kuonyesha hatanii, wifi akafunga sanduku, akaliweka mlangoni mwa chumba chake. Asubuhi akalifungua atoe taulo. Baadaye akatoa kanga, kisha mafuta, kisha kitabu cha nyimbo. Ikifika mchana sanduku ni tupu. Jioni analifunga upya. Nguo za mama yule hazijawahi kukunjwa vizuri kama kipindi kile.

Wiki zikapita, udongo ukabaki udongo. Nilikuwa nimeufunika kwa mfuniko wa plastiki unaopitisha mwanga, ukatoka ukungu kwa ndani. Asubuhi moja nikaufunua nipanguse, nikavaa miwani ninayotungia uzi, nikainama. Palikuwa na kijani. Vijani viwili viwili, vidogo kuliko tundu la sindano, vimetawanyika juu ya udongo kama vipande vya uzi vilivyodondoka. Nilifurahi mpaka nikashika meza. Halafu nikasikia ufagio wa wifi uani.

Nikarudisha mfuniko. Ukungu ule niliokuwa nataka kuupangusa nikauacha.

Uongo sisemi. Ila kumbe kuna njia nyingi za kukaa kando ya uongo bila kuugusa.

"Zimeota?" wifi akauliza tukiwa mezani.

"Udongo bado ule ule wa kahawia," nikasema. Na ulikuwa wa kahawia.

Siku nyingine: "Bado tu?"

"Binti alisema zinahitaji subira, wifi. Hebu nishikie upindo huu." Akaushika.

Usiku nilipopiga magoti nilimweleza Mungu kwamba hakuna nilichodanganya, na akitaka anaweza kupitia maneno yangu moja moja. Nilipolala nilijigeuza sana.

Jambo moja nililiona, nikaliweka tu. Wifi aliacha kuuliza. Aliuliza mara hizo chache, kisha kimya. Na kila mtu alipotaja dirisha, wifi aligeuka kuwa kwaya.

Kwa mfano yule mama wa sare za mapacha. Wakati huo majambazi walikuwa wameshakua kiasi, mfuniko nimeuondoa kidogo kidogo kama nilivyoelekezwa, na kila mche umetoa majani kama vijijiko, yenye vinywele vyekundu na matone yanayong'aa juani. Mama mapacha amekuja kupimwa gauni lake, akageuza shingo dirishani.

"Fundi, mbona ile mimea yako imetoka jash—"

"Vuta pumzi," nikamwambia, nikamzungushia futi kamba kifuani. "Usiongee, vipimo vitaharibika."

Akavuta. Nikampima kifua, nikampima kiuno, nikarudi kifuani. Uso wa mama wa watu ukaanza kubadilika rangi. Na kule korido wifi, ambaye hakuwa ameimba tangu asubuhi, akaanzisha wimbo wa ibada kwa nguvu zote, na ndoo ikaanguka katikati ya ubeti wa pili.

"Leo kwenu kuna nini?" mama mapacha akauliza alipopata pumzi.

"Amani tu," nikasema.

Jambo la pili: ndizi. Wifi hana urafiki na tunda lenye doa. Ndizi ikipata nukta nyeusi anaishika kwa ncha za vidole kama mkia wa panya, anaitoa nje. Sasa nikaikuta ndizi imeoza chini ya kile kiti, imewekwa kwenye kisahani kisafi, vijinzi vimeizunguka. Na asubuhi nikitazama majambazi, kila mmoja ana nukta moja nyeusi katikati ya jani, imepangwa sawasawa kama kifungo. Nikajisemea, watoto hawa wamekuwa wepesi kuwinda. Nami macho ninayo. Mashati meupe yakabaki meupe.

Kisha wakaanza kuugua. Matone yalikauka kwa wachache, ncha zikawa nyeusi, kijijiko kikajikunja vibaya. Maji yalikuwa ya mvua, nilikuwa nayo kwenye beseni lililofunikwa. Jua lilikuwepo. Nikahisi ni adhabu ya yale majibu yangu ya pembeni, nikaongeza sala.

Adhuhuri moja niko kwenye mfuko wa kaptula, wifi akaingia akasimama mbele ya cherehani. Mikono ameiinua mbele, viganja vimemwelekea mwenyewe, kama walivyokuwa wakisimama wodini.

"Wifi, acha mashine," akasema.

Nikaacha, na mfuko ukapinda.

"Nimewaua."

"Umeua nani?"

"Majambazi."

Nikavua miwani. "Majambazi gani, wifi? Hao si hawajaota?"

Akanitazama. "Wameota siku nyingi," akasema. "Nimewaona tangu wakiwa kama chawa."

"Na hukusema."

"Na wewe hukusema."

"Mimi nilisema udongo ni wa kahawia."

"Nilisikia."

Tukatazamana kama watu wawili waliokutana maliwatoni usiku, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Kisha akaanza kunieleza, na sauti yake, ambayo siku zote iko sawa, ikaanza kukwaruza. Alikuwa akiwakamatia vijinzi kwenye ile ndizi, anawapa kwa kibano cha nyusi. Yote yalikwenda vizuri mpaka alipoona matone yanazidi. Kila jani linatoka maji, tena ya kunata.

"Nikajua ni usaha," akasema. "Usaha mwepesi, ule wa mwanzo. Kama kile kidonda cha mguu wa kaka alipokuwa anaumwa. Nikafanya kama nilivyomfanyia yeye. Maji ya vuguvugu na chumvi, pamba kwenye njiti ya kiberiti, jani kwa jani. Kila asubuhi. Na kila asubuhi nakuta wametoka tena, naongeza chumvi."

"Wifi, yale si usaha. Ndiyo gundi yenyewe. Ndiyo mdomo wao."

"Nimejua leo. Niliposafisha mmoja, halafu nikampa kijinzi, akashindwa kukishika. Kikamtembelea usoni." Akashusha mikono. "Nilikuwa nawafunga midomo na kuwatia chumvi."

Nataka kusema sikucheka. Nilijitahidi. Lakini nilipogeuka nikaona anatazama mlango wa chumba chake, na lile sanduku, na hapo cheko likaniisha. Alikuwa amesema kwa kinywa chake kwamba wameota. Angenyamaza siku chache tu, majambazi wangekauka wote, kiti kingerudi, na kiapo kingekufa nao bila kumgusa.

"Ungenyamaza," nikamwambia.

"Wangekufa."

"Mungu anakuelewa, wifi."

"Ananielewa sana," akasema. "Ndiyo maana siwezi kumzunguka."

Akaondoka jioni ileile. Nilibeba upande mmoja wa sanduku mpaka kona ya barabara, yeye upande wa pili. Kabla ya kutoka alinisimamisha dirishani akanikabidhi zamu. "Huyu wa pembeni ana jani moja bado linanata, mwangalie. Hawa wa katikati hali zao si nzuri, usiwape chakula kwanza. Huyu mkubwa ana kiburi lakini atapona. Usimwambie yeyote kwamba ni mimi." Nikaitikia kila mgonjwa. Alipomaliza akakigusa kile kiti mgongoni, akasema tu, "Haya."

Kesho yake kikombe changu kilikaa mezani tangu chai ya asubuhi mpaka jioni na hakuna aliyekiosha. Nilikitazama mara nyingi. Chumvi iliyokuwa kwenye udongo ilihitaji kusukumwa kwa maji mengi masafi, na beseni langu la mvua lilikuwa limebakiwa na maji ya kujaza kifuniko kimoja tu. Nikaenda kwa fundi wa betri.

"Gari gani, mama?" akaniuliza.

"Halina magurudumu."

"Liko juu ya mawe?"

"Liko juu ya sinia."

Akanipa chupa ndogo, ndiyo iliyokuwa imebaki, na akanisindikiza kwa macho mpaka nilipokunja kona. Chupa ile iliwalowanisha tu, haikuwaosha.

Nikampigia binti yangu. Niliweka simu spika, ingawa mikono ilikuwa mitupu na korido haikuwa na mtu.

"Chumba cha shangazi yako hakipangishwi," nikamwambia.

"Mama, nilifikiria tu wewe upate nafuu."

"Najua, mwanangu. Lakini kina mtu."

"Si umesema ameondoka jana?"

"Kina mtu," nikasema, na nikajisikia nimesema kwa sauti ya wifi kabisa. Binti akasema sawa, mama. Nikakaa. Nilikuwa nimempa chumba mtu ambaye hawezi kukirudia bila mimi kumwomba avunje neno lake, na hilo nisingeliomba.

Asubuhi iliyofuata pikipiki ikanguruma getini. Ni shemeji, na nyuma yake wifi amekaa wima, amekumbatia dumu la maji kama mtoto mchanga. Sanduku limefungwa kwa mpira kwenye kibebeo.

"Shemeji, mpokee," shemeji akaniambia hata kabla ya salamu. "Nakuomba kwa heshima zote. Amedeki jikoni sisi tukiwa tunakula. Watoto amewapanga foleni, anawasafisha masikio. Hii pikipiki unayoiona, mimi sikujua kama ni nyekundu."

Wifi akashuka. "Sijarudi," akaniambia. "Nilisema nitatoka, nimetoka, nimelala kwa mdogo wangu jikoni, Mungu ameona. Neno langu limekwisha. Hii ni zamu. Kwetu wodini huwezi kuanza kidonda ukamwachia mwingine amalizie. Kwa mdogo wangu kuna tangi linakinga mvua ya bati. Hawalitumii kwa lolote, wanafugia vyura."

"Na sanduku?"

"Lina pamba yangu."

"Wifi, chumba chako nimekisema kwa binti. Ni chako. Hakuna anayekipanga."

Akasimama na dumu lake. Akarekebisha kifuniko cha dumu ambacho hakikuwa na kasoro. "Utakuwa hujafagia chini ya kitanda," akasema, akaingia.

Tuliwaosha siku nzima. Yeye anamimina maji ya mvua taratibu pembeni mwa chungu, mimi napokea yanayotoka chini na kuyamwaga nje, mpaka ulimi wangu ulipoyaonja nikaona hayana chumvi tena. Pamba hakuifungua. Waliokuwa weusi kabisa hawakuamka. Wengine walikaa vile vile kwa muda, tukawa tunapita dirishani kwa kunyata kama kuna mtu amelala. Halafu katikati ya yule mkubwa mwenye kiburi kikatoka kikunjo kipya, kama ncha ya uzi iliyolambwa, kikajifungua, na juu yake tone. Wifi alinyoosha kidole, akakirudisha mwenyewe mfukoni.

Baada ya hapo jua lilihama kidogo, likawa halifiki vizuri kwenye sinia. Nikasema itabidi nitafute meza ndogo. Nilipotoka kuanika nguo na kurudi, kiti cha mikono kilikuwa kimerudi mahali pake pa zamani, katikati ya dirisha, na juu yake kitambaa, juu ya kitambaa sinia, juu ya sinia majambazi.

Binti yangu alipokuja likizo, aliingia amechoka, akaweka begi, akaelekea moja kwa moja dirishani akiangalia simu, akaanza kujishusha.

"Hapo pana mtu," tukasema wote wawili.

Akaruka. Alipogeuka akaona waliopo, akachuchumaa kuwatazama, akatusifu sana. Wifi akamweleza kwamba ni mimi niliyewalea, mimi nikasema ni yeye, na chumvi hakuna aliyeitaja. Tukiwa hapo akaingia nzi, si kijinzi, nzi mzima wa nje mwenye tumbo la kijani. Akazunguka chumba, akatua juu ya yule mkubwa. Tukainama wote kama tuko ibadani. Jani likamshika miguu, nzi akavuta, jani likavutika naye, akajinasua mguu mmoja, kisha mwingine, akahamia mkono wa kiti akaanza kujifuta.

Wifi akachukua gazeti juu ya meza ya kukatia, akalikunja, akammaliza kwa pigo moja.

"Bado wanajifunza," akasema, akaenda kutafuta kitambaa.